Pasipo Mzoga Hakuna Kosa

Subilaga Mwakifuna alikuwa ametia mikono yote miwili kwenye sinia la kusikilizia pale kome wa juu kabisa, wale wanaokaa chini ya ukuta wa mgodi, walipofunga magamba yao.

Sinia lenyewe lilikuwa pana kama la kupakulia pilau ya harusi, limejaa ute mzito wa kijani. Ndani ya ute huo mto Luvalisi ulikuwa umelala mzima, kutoka milimani hadi unapomwaga maji ziwani. Kila kome aliyetiwa uzi na kituo cha kuulinda mto alikuwa na kitone chake humo. Kome akifungua gamba anywe maji, kitone kilishuka, akifunga, kilipanda. Vioo na namba vilikuwepo ukutani, lakini Subilaga hakuvitazama sana. Aliweka viganja, akafumba macho, akasikia mto ukivuta pumzi.

Siku za mvua kome hufunga kivivu, mmoja mmoja, kama watu wanaoondoka msibani. Asubuhi hii walifunga kwa pamoja na kwa nguvu, na vidole vyake vikasukumwa juu.

"Mgodi wamefungulia maji tena," alisema, ingawa chumbani hakukuwa na mtu mwingine.

Kisha likaja lile alilokuwa akilingoja kwa wiki kadhaa. Kufunga kule hakukubaki juu. Kulishuka na mto. Kulipita maporomoko, kukapita daraja la mawe, kukakimbia chini ya viganja vyake kama upepo unaolaza mpunga. Maji yaliyoachiwa na mgodi yangechukua nusu siku kufika kona ya Ikombe. Habari yake ilifika Ikombe kabla chai yake haijapoa.

Alitoa mikono kwenye ute, akaipangusa, akachukua pikipiki.

Ikombe ni pale kijito Kasyeto kinapoingia Luvalisi. Maji ya Kasyeto hutoka msituni na hayapiti popote karibu na mgodi. Mama Lusekelo, mwanamke mtu mzima aliyekuwa akikausha samaki mahali hapo tangu kituo hakijajengwa, alikuwa amesimama katika maji ya magotini, nyavu zake amezibeba begani. Hakugeuka aliposikia pikipiki ikizimwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo taratibu. Wanapita."

Subilaga alivua viatu akaingia majini, na kabla hajafika alipo mama yule, kitu kikamgusa ugokoni, kikateleza, kikaja kingine. Akatazama chini.

Mto mzima ulikuwa unahama. Perege walipita kwa makundi, wakubwa wakiwa pembeni na wadogo katikati. Ningu walipita na mapezi yao mekundu. Dagaa walikuja kama fedha iliyomwagwa, na katikati yao wakapita kambale, sharubu zimelala, bila hata mmoja kufungua kinywa. Hakuna aliyemla mwenzake. Walimgonga Subilaga miguuni kana kwamba ni nguzo tu iliyosimikwa mtoni, wakakunja kona, wakaingia Kasyeto. Chini kabisa, juu ya mchanga, kaa walikimbia kiubavu wakielekea huko huko. Fisi maji alipita akiogelea, amemng'ata mtoto wake shingoni. Kijito kilijaa viumbe mpaka rangi ya maji yake ikawa nyeusi, na ukingoni yakapanda na kulowesha nyasi zilizokuwa kavu.

"Siku wanayohama sitegi," alisema Mama Lusekelo kwa sauti ya chini. "Ni kama kumwibia mtu anayekimbia moto."

Halafu Luvalisi ukabaki mtupu. Hawakusikia hata chura. Walikaa ukingoni wakingoja, na jua lilipokuwa utosini maji ya kijivu yakapita mbele yao, na harufu yake chungu kama ya lozi iliyooza. Yalipita, yakaisha. Sianidi, sumu ya kutolea dhahabu kwenye mawe, huua haraka na hufa haraka. Jua huila, na jioni ukichota maji hukuti kitu cha kumwonyesha mtu. Kabla giza halijaingia samaki walianza kurudi mmoja mmoja, wakisitasita, kisha wote. Hakukuwa na mzoga hata mmoja.

Subilaga aliwatazama wakipita. Miaka yote aliyofanya kazi kituoni alikuwa ameusoma mto huu kwa vidole. Hakujua kwamba ni mkubwa kiasi hiki.

*

Kome hao walikuwa kazi ya Dakta Ambakisye Mwalwisi, aliyekuwa mwalimu wake chuoni. Yeye ndiye aliyegundua namna ya kupitisha uzi mwembamba kuliko unywele kwenye bawaba ya gamba, ili kila kome awe mlinzi. Kwa kuwa redio kwenye kila kome ingekula umeme mwingi, aliwafanya wapokezane: anayefunga hupiga mlio mdogo, ta, na jirani yake wa chini akiusikia hufunga na kuupiga tena, mpaka habari inafika kituoni. Mlio huo ulikusudiwa kome wenyewe na mitambo. Samaki hawakuwamo katika hesabu ya mtu yeyote. Walijifunza wenyewe, kizazi baada ya kizazi, kwamba mlio unaokimbia kutoka juu maana yake ni ondoka.

Dakta Ambakisye alifika wiki iliyofuata kutoka Mbeya. Alikuwa mzee mwembamba mwenye mvi, na siku hiyo alionekana mchovu kuliko Subilaga alivyowahi kumwona. Alisikiliza habari za Ikombe hadi mwisho, akatikisa kichwa polepole.

"Najua," alisema. "Nimejua tangu mwaka jana. Na ndilo linalotuua."

"Linatuua vipi, mwalimu?"

"Mgodi wa Itumbula wameomba Baraza la Mito liwaruhusu kufungulia maji mara mbili ya sasa. Sheria unaijua."

Aliijua. Kila mtu aliyefanya kazi mtoni aliijua, na kwa utani waliifupisha hivi: pasipo mzoga hakuna kosa. Wakati sheria ile inatungwa, wenye migodi walikuwa wamelalamika kwamba vipimo vya maji hugombaniwa miaka na miaka, kila upande na maabara yake. Wakakubaliana kwamba ushahidi wa madhara uwe kiumbe wa mto aliyekufa kwa sumu. Siku ile wote waliona ni haki, kwa sababu mzoga haubishaniwi.

"Miaka minne hawajaua samaki hata mmoja," Ambakisye aliendelea. "Wakili wao atasimama aseme mto huu ni mzima, na vitabu vyetu wenyewe vitamuunga mkono. Huku sumu nyingine, zebaki na shaba, inashuka kwenye tope kila mara. Siku moja hata Kasyeto haitatosha. Mto unajificha vizuri mno, Subilaga."

"Na kome wanaokufa? Kila msimu naokota magamba."

"Kome ni vifaa vya kituo. Tumewaandikisha hivyo wenyewe, kama pampu na nyaya. Kikiharibika kifaa, tunaleta kingine kutoka kwenye mabwawa ya kuzalishia."

Aligeuka akatazama sinia.

"Wewe ndiye mwenye ufunguo wa kuwalaza," alisema.

Subilaga alielewa alichokuwa anaombwa kabla hakijasemwa. Kituo kiliweza kupeleka mkondo mdogo kwenye nyuzi, kome wakatulia na kubaki wazi hata wakiguswa. Walifanya hivyo wakati wa matengenezo.

"Kona ya Ikombe tu," alisema mzee. "Mara moja. Watu tutawatahadharisha wasichote maji. Samaki wa kona moja watakufa, Baraza litaona, mgodi utafungwa mdomo. Mto ukifa kidogo mbele ya mashahidi, utaishi."

"Wanatuamini, mwalimu."

"Samaki?"

"Uliwaona wanavyopita? Kambale anapita katikati ya dagaa hafungui mdomo."

"Sijawaona," Ambakisye alijibu. "Naogopa kuwaona. Nikiwaona sitaweza kukuomba hili."

*

Mzee alikaa kituoni akingoja jibu la Subilaga. Mvua zilikuwa zimejaza bwawa la tope la mgodi, na wote wawili walijua kwamba haitachukua muda. Asubuhi moja kome wa juu walipofunga tena, walikuwa wote wawili chumbani.

"Sasa," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa ya kusihi.

Subilaga alikuwa na mkono mmoja kwenye sinia. Alifikiria mgodi ukifungulia mara mbili, na Kasyeto ikifurika viumbe wasio na pa kwenda. Alifikiria kwamba mtu huyu aliupenda mto kabla yeye hajazaliwa. Mkono wa pili ukaenda kwenye ufunguo, ukaugeuza.

Kufunga kulikuja kukikimbia, kukafika daraja la mawe, na chini ya daraja kukazimika. Chini ya kiganja chake kome wa Ikombe walibaki wazi, wanakunywa maji kwa utulivu, kama kifua kinachopanda na kushuka. Ilikuwa kama kumshika mtoto aliyelala huku nyumba inaungua. Alingoja. Alijiambia kwamba kazi yake ni kungoja tu. Alijaribu kuhesabu pumzi zao, akashindwa, kwa sababu kila pumzi ilikuwa inamwambia kwamba wanamsikiliza yeye.

Jua lilikuwa limepanda sana alipougeuza ufunguo kurudi.

Kome wa Ikombe walifunga wote kwa kishindo kilichourusha mkono wake. Ambakisye alipogeuka, Subilaga alikwisha toka nje.

Alifika mtoni wakati maji ya kijivu yanaingia kwenye kona. Samaki wengi walikuwa wamewahi. Mdomo wa Kasyeto ulikuwa mweusi kwa wingi wao. Lakini palikuwa na dimbwi upande wa pili, nyuma ya mawe, mbali kidogo na kijito, na perege wa dimbwi lile hawakuwahi. Aliwaona wakigeuka ubavu mmoja mmoja. Waligeuka bila kupigana, kama majani yanayoanguka.

Mama Lusekelo alikuwa ukingoni, mkono mdomoni.

"Hawakuambiwa," alisema. "Mwanangu, leo hawakuambiwa."

"Ni mimi, mama. Niliwaziba masikio."

Mama yule akachukua kapu lake, akaingia nalo majini baada ya maji mabaya kupita, akaanza kuokota perege waliokufa, mmoja mmoja, kwa adabu, kama anavyookotwa mtu. Subilaga akaingia akamsaidia.

*

Ambakisye aliwakuta wameliweka kapu kivulini. Alitazama mizoga na uso wake haukuonyesha furaha.

"Hawa wanatosha," alisema. "Mungu anisamehe. Hawa wanatosha kwa Baraza."

"Nitawapasua kwanza," Subilaga alijibu. "Nataka kuona sumu imefanya nini kwenye matamvua."

Alifunua kifuniko cha shavu la perege wa kwanza. Matamvua anayopumulia, ambayo kwa samaki aliyeuawa na sianidi huwa mekundu ya kung'aa, yalikuwa mekundu kweli, lakini katikati yake palikuwa na chembe nyeupe, ndogo kama mbegu za mchicha, zimejishikiza kwa safu. Alifikiri ni kupe wa samaki. Akatoa lenzi yake mfukoni, akaangalia, akamkabidhi mzee lenzi.

Kila chembe ilikuwa na magamba mawili. Yalikuwa yakifunguka na kufunga.

"Watoto," alisema Ambakisye.

Wapo kome wa maji baridi ambao watoto wao hawawezi kuanza maisha peke yao. Mama huwaachia majini, nao hujishikiza kwenye matamvua ya samaki anayepita, humpanda kwa muda bila kumdhuru sana, kisha hudondoka mahali pengine na kuanza kukua. Jambo hilo lilikuwa katika vitabu. Lakini kome wa kituo walizalishwa mabwawani, wakatiwa nyuzi, na wataalamu wote walikuwa na hakika kwamba uzi huwafanya tasa.

Subilaga alifunua perege wa pili, wa tatu. Wote walikuwa wamebeba.

Alisimama akatazama Kasyeto. Wazo lilimjia polepole.

"Samaki wanapohama," alisema, "wanahama na hawa."

Hakungoja jibu. Alifuata kijito kwa miguu, ndani ya maji, Mama Lusekelo nyuma yake na mzee nyuma yao akishikilia matawi. Samaki waliojificha walipisha wakaachia njia. Walipita kona, wakapita mwamba, wakaingia chini ya miti ambako maji yalikuwa ya baridi na angavu kama hewa. Hapo Subilaga akasimama, kwa sababu hakukuwa na mahali pa kukanyaga.

Sakafu ya kijito ilikuwa imejaa kome. Walikuwa wamejipanga bega kwa bega kutoka ukingo hadi ukingo, wakubwa kama kiganja na wadogo kama kucha, wakiendelea juu mpaka macho yaliposhindwa. Kituo hakikuwahi kuweka kome hata mmoja Kasyeto. Alimwinua mmoja akatazama bawaba ya gamba lake. Haikuwa na uzi, wala alama ya uzi. Alikuwa amezaliwa hapa.

"Sikilizeni," alisema Mama Lusekelo.

Wakainama. Kutoka majini ulikuja mlio, ta, ta, ta, laini, maelfu kwa maelfu, kama mvua ya kwanza juu ya majani ya mgomba. Wale wa Luvalisi walikuwa bado wanatangaza hatari, na hawa, ambao hakuna binadamu aliyewafundisha, walikuwa wanaitika.

Dakta Ambakisye aliketi pale pale kwenye jiwe, suruali yake ndani ya maji.

"Niliwatengeneza wawe walinzi wa mto kwa ajili ya serikali," alisema. "Nilidhani wanaita kwa sababu yangu." Akacheka kidogo, kisha akafuta macho. "Wanawaokoa wanaobeba watoto wao. Wenyewe hawawezi kukimbia, kwa hiyo wanabaki na kufunga mlango, na wanamwambia mbebaji, nenda. Wapeleke."

Subilaga alimrudisha kome yule mahali pake taratibu, akahakikisha amelala upande alioukuta.

"Kwa hiyo si vifaa," alisema.

Mzee alimtazama.

"Waliozaliwa mtoni bila uzi ni viumbe wa mto, mwalimu. Samaki wanapowarudisha Luvalisi, wanakua huko pia. Wapo Ikombe, wapo kila mahali, tumekuwa tukiwahesabu pamoja na wetu. Na wakimwagiwa sumu mara kwa mara, wanakufa wakiwa wamefunga. Magamba ninayookota kila msimu ni mizoga."

"Na perege wa kapu?"

"Hao niliwaua mimi. Sitawapeleka kama ushahidi juu ya mtu mwingine."

"Subilaga, ukisema hivyo mbele ya Baraza watakunyang'anya kituo. Na ukisema kome ni viumbe, sheria hairuhusu kiumbe wa mto atiwe uzi. Hatutaweza kuongeza hata mmoja. Walio na uzi watazeeka, watakufa, na sinia litanyamaza. Hutausikia mto tena."

Alikuwa amelifikiria hilo tayari, njiani, kati ya kona na mwamba. Lilimuuma kama habari ya msiba.

"Najua," alisema.

*

Baraza la Mito lilifanya kikao cha kwanza cha shauri hilo kituoni, kwa sababu mwenyekiti wake, Bi Nsia Msokwa, alitaka kuuona mto kabla ya kusikia watu wakiuzungumzia. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, asiye na haraka. Wakili wa mgodi alikuja na mitambo yake. Ambakisye alikaa nyuma.

Subilaga alianza na perege. Aliwaeleza kwamba walikufa kwa sumu ya mgodi, na kwamba walikufa kwa sababu yeye aliwaziba masikio kwa makusudi ili wafe. Aliliomba Baraza lisiwahesabu. Watu walinong'ona. Wakili alisimama mara moja.

"Mheshimiwa mwenyekiti, shahidi amekiri kuvuruga mto. Naomba maneno yake yote yatupwe."

"Kaa kwanza," alisema Bi Msokwa. "Mtu anayejitia kitanzi mwenyewe, mwache amalize." Akamgeukia Subilaga. "Ulipowaziba, kwa nini ulifungua tena?"

"Niliwasikia wakipumua, mheshimiwa."

"Uliwasikia vipi?"

Subilaga alimwonyesha sinia. Bi Msokwa alikunja mikono ya gauni lake, akavua pete, akatia viganja kwenye ute. Mwanzoni uso wake haukubadilika. Kisha mabega yake yakashuka, macho yakafumba, na chumba kizima kikamngoja. Alikaa hivyo mpaka wakili akakohoa. Alitoa mikono. Aliomba kitambaa, akajipangusa, akasema kwa sauti ya mtu aliyetoka mbali, "Twendeni huko Kasyeto."

Walikwenda wote, wakili naye viatu mkononi. Walioneshwa kome wasio na uzi. Walioneshwa watoto kwenye matamvua ya perege hai, ambaye Mama Lusekelo alimshika kwa mikono iliyolowa na kumrudisha kabla hajachoka. Kisha wakashuka Luvalisi, na chini ya maji ya Ikombe Subilaga akazoa magamba, akayamwaga juu ya turubai, akamwomba wakili mwenyewe atenganishe yenye alama ya uzi na yasiyo nayo. Wakili alichambua kwa uangalifu. Alikuwa mtu mwaminifu katika kazi yake. Rundo lisilo na uzi lilizidi kukua mpaka akaacha, akabaki amechuchumaa mbele yake, gamba moja mkononi.

"Hawa hawakukimbia," alisema, kana kwamba anauliza.

"Hawana miguu," alijibu Mama Lusekelo.

Uamuzi ulitolewa kabla ya masika kuisha. Kome aliyezaliwa mtoni ni kiumbe wa mto, na kifo chake ni kifo. Mgodi wa Itumbula ulikatazwa kufungulia maji mpaka ujenge bwawa lisilovuja na mtambo wa kuua sianidi ndani ya ukuta wake. Ni kweli walikata rufaa, lakini lango walilifunga. Kituo kilipigwa marufuku kutia uzi kome mpya. Na Subilaga Mwakifuna, kwa kosa la kuulaza mto makusudi, alivuliwa uongozi wa kituo na kibali cha kufanya kazi kwenye mto wowote kwa miaka mitatu. Ambakisye aliliomba Baraza limwadhibu yeye badala yake. Bi Msokwa alimjibu kwamba atamwadhibu pia, kwa kumwachia kituo akiangalie mpaka sinia litakaponyamaza.

*

Subilaga hakuondoka mara moja. Hakukatazwa kukaa ukingoni, na Mama Lusekelo alikuwa na chumba cha ziada na kazi ya kugeuza samaki juani.

Siku ya kwanza alipokwenda Kasyeto bila kifaa chochote, alilala kifudifudi juu ya mwamba, pua karibu na maji, Mama Lusekelo kando yake. Chini yao kome mmoja mkubwa alikuwa amefungua gamba kuliko wengine. Nyama yake ya pembeni, iliyokuwa na rangi ya dagaa, ilikuwa ikitikisika ndani ya mkondo, na kwa kweli ilifanana na dagaa aliyejeruhiwa. Perege alikuja akaitazama. Akazunguka. Akasogea akaidonoa.

Wingu jeupe likamlipukia usoni. Perege alirudi nyuma, akatikisa kichwa, akafungua na kufunga mashavu, na lile wingu likaisha. Lote lilikuwa limeingia ndani yake.

"Alaa," alisema Mama Lusekelo polepole. "Kumbe anaita kwa chakula."

"Na mimi sikujua."

"Amewapandisha wangapi?"

"Sina cha kuwahesabia, mama."

Perege alikaa pale kidogo kama mtu anayejaribu kukumbuka alikuwa anakwenda wapi. Kisha akageuka, akapita chini ya kivuli cha vichwa vyao viwili, akakata mkondo wa kijito kuelekea chini, Luvalisi, kule ambako maji yalikuwa mapana na siku hiyo hayakuwa na harufu yoyote. Wakainuka wote wawili wakamfuata kwa macho, wakitembea ukingoni, mpaka akaingia mtoni wakampoteza.